Sola inachaji, gari haliwaki: kusaka kosa kwenye kifaa cha kuchaji betri ya injini ya kampa

Masika yakianza, kampa nyingi za safari (magari ya kulala ndani) huegeshwa uani, Arusha na Nairobi, zikisubiri wageni wa Juni. Mwenye gari akija kuliangalia anakuta paneli ya sola juu ya paa inachapa kazi, friji inagandisha, taa za ndani zinang'aa, lakini akizungusha ufunguo stata inatoa mlio mmoja mkavu, basi. Hakuna miujiza hapo. Sola imefungwa kwenye betri ya ndani, ile ya friji na taa, peke yake, na betri ya injini imeachwa na saa, alamu na trakingi (kifaa cha kufuatilia gari lilipo) wiki baada ya wiki bila kuongezwa chochote.

Dawa yake ni kifaa kidogo kinachokaa kati ya betri mbili na kupeleka chaji mbele pale betri ya ndani inaposhiba. Madukani vipo vya namna tatu. Kuna rilei inayosoma volti: ikiona betri mojawapo inachajiwa inaziunganisha zote mbili, na volti zikishuka inaziachanisha. Kuna kifaa cha kielektroniki kinachopitisha ampea chache, kwa upande mmoja tu. Halafu kuna chaja ya DC kwa DC, inayopandisha volti yenyewe na kuchaji kwa hatua. Makosa yanayoletwa gereji yanafanana kwa zote tatu, na mara nyingi kifaa chenyewe ni kizima. Kosa liko kwenye waya, kwenye ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari), au mahali kilipofungwa. Kwa hiyo pima kwanza, hela ya kununua kingine ikae mfukoni.

## Namba mbili kabla ya kushika spana

Subiri jua lipande, saa nne au tano asubuhi, injini ikiwa imezimwa. Chukua mita ya dijitali, pima betri ya ndani kwenye vichwa vyake vyenyewe, si kwenye kile kimita cha ukutani karibu na friji. Kisha fungua boneti upime betri ya injini, papo hapo, kabla wingu halijapita. Andika namba zote mbili.

Betri ya ndani ikisoma kati ya 13.6 na 14.4, na ya mbele ikawa inaifuata kwa karibu, pungufu ya nusu volti au chini ya hapo, chaji inafika. Hapo acha kifaa kabisa, ruka hadi sehemu inayozungumzia betri inayokufa hata ikichajiwa. Ya ndani ikiwa 14 na ya mbele imeganda kwenye 12.2, chaji haifiki, na kazi iko kwenye waya. Na kama ya ndani yenyewe inasoma 12.7 saa tano ya jua kali, hakuna cha kupeleka. Angalia sola, kontrola yake (kidhibiti cha chaji ya sola), au vumbi na kivuli cha mti juu ya paneli.

Kwa betri ya kawaida ya risasi, iwe ya maji au ile iliyozibwa, ikiwa imetulia saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, 12.7 ni imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo. Usiipime mara tu baada ya kuchaji ukashangilia. Betri iliyotoka kuchajiwa hudanganya. Iwashie taa kubwa dakika mbili tatu, zima, iache itulie, ndipo upime.

## Chaji haifiki kabisa

Anza na swichi kuu. Kampa nyingi zina swichi ya kukata umeme wote wa nyuma, na mwenye gari mwangalifu huizima gari linapolazwa. Fundi aliyefunga kifaa alichukua chanya mahali rahisi, yaani baada ya swichi, kwenye ubao wa fyuzi za ndani. Matokeo yake kifaa kinafanya kazi vizuri safari nzima, wakati hakihitajiki sana, na kinazimwa siku ileile gari linapoegeshwa. Waya wa kifaa utoke kwenye kichwa cha betri ya ndani, kabla ya swichi kuu, ukiwa na fyuzi yake. Waya wa kontrola ya sola nao uwe hivyohivyo. Ukikuta umefungwa baada ya swichi, urekebishe wakati huohuo, maana kontrola nyingi zinaweza kuharibika paneli ikiendelea kuzilisha huku betri imekatwa.

Kama swichi haihusiki, fuata waya na mita, hatua kwa hatua, mkono hasi wa mita ukiwa kwenye hasi ya betri. Betrini, kabla ya fyuzi, baada ya fyuzi, mlangoni mwa kifaa, mahali kinapotokea, fyuzi ya mbele, kichwa cha betri ya injini. Pale namba inapoanguka ghafla ndipo penye kosa. Usitazame fyuzi kwa macho tu. Ipo ambayo uzi wake unaonekana mzima na haipitishi kitu, na mara nyingi zaidi ni kile kibebeo cha fyuzi cha bei rahisi ambacho miguu yake imelegea au imepata kutu ya kijani. Mtetemo wa barabara ya kutoka lango la Naabi kwenda Seronera, ndani ya Serengeti, hulegeza vitu ambavyo mjini vingekaa miaka.

Ethi ndiyo inayosumbua kuliko vyote. Kifaa hiki hakipitishi tu, kinapima pia, na kinapima kwa kulinganisha na ethi yake. Ethi ikiwa mbovu, kinaona volti zisizokuwepo au hakioni kitu, na taa yake haiwaki. Wengi huikamatisha kwenye skrubu iliyo karibu, juu ya rangi, au kwenye fremu ya sanduku la nyuma. Kumbuka bodi ya Land Cruiser imekaa juu ya mipira, na sanduku la kulala lililojengwa nyuma ya pikapu ya 79 lina fremu yake lenyewe. Kugusana kwa bolti si ethi ya kuaminika. Pima hivi: mkono mmoja wa mita kwenye ethi ya kifaa, mwingine kwenye hasi ya betri ya injini, chaji ikiwa inapita. Ikizidi 0.1 volti, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga kikombe (kichwa cha chuma cha waya) kilichobanwa vizuri, paka grisi. Tena hasi ya betri ya ndani na chesisi ziunganishwe kwa waya mnene wa makusudi. Bila hiyo, utasaka kosa moja leo na lingine kesho.

Kuna waliogeuza, waya wa kuingilia umewekwa wa kutokea. Rilei nyingi hazijali, lakini kifaa cha upande mmoja kitanyamaza tu, au kitafanya kinyume: kitainyonya betri ya injini kulisha friji. Na wapo waliokwepa kuvuta waya hadi boneti wakachomeka kwenye soketi ya sigara kwenye dashibodi. Kwenye magari mengi soketi hiyo hukatika ufunguo unapozimwa, kwa hiyo chaji inaishia hapo.

## Inafika, ila imechoka njiani

Hapa hesabu ndogo inasaidia. Kutoka betri ya ndani hadi boneti, ukifuata chesisi, chukulia mita 5. Kwenda na kurudi ni 10. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ule wa taa za nyumbani ambao mafundi wengi wanao kwenye boksi, utakula karibu volti 0.6 ikipita ampea 5. Waya wa milimita 6 za mraba utakula kama 0.15. Ukitoka na 13.8 nyuma, kwa waya ule mwembamba mbele inafika 13.2, ambayo ni ya kushikilia betri, si ya kuijaza.

Sisemi kila mtu ang'oe waya wake. Betri ikikaribia kujaa ampea hupungua na kupotea kwa volti hupungua nako, kwa hiyo gari linalolala wiki tatu uani litafika, polepole. Lakini kama unategemea sola irudishe nguvu ya betri ya injini mchana mmoja kambini, waya mwembamba hautakufikisha.

Kagua pia waya umetengenezwa kwa nini. Madukani zimejaa nyaya za aluminiamu iliyopakwa shaba juu, nene kwa macho, plastiki nyingi, bei nzuri. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, si shaba tupu. Aluminiamu hupitisha umeme kwa kiasi cha kama asilimia 60 ya shaba, na ikibanwa kwenye kikombe hulegea na kupata moto. Waya wa kubusti wa bei chee ndivyo ulivyo pia, na ndiyo maana unaweza kusimama nusu saa na gari la jirani likinguruma bila lako kuwaka.

## Rilei inagonga tik, tik, tik

Hii ni ya rilei za kusoma volti. Mojawapo iliyo ya kawaida huunganisha volti zikifika kama 13.3 na kuachanisha zikishuka chini ya 12.8. Viwango hutofautiana, soma karatasi ya chako. Sasa sola imeipandisha betri ya ndani hadi 13.4, rilei imeunganisha, na ghafla kuna betri ya injini yenye njaa upande wa pili. Volti zinaanguka hadi 12.6, rilei inaachia. Zinapanda tena, inaunganisha. Na kadhalika.

Ikigonga hivyo asubuhi kisha ikatulia, iache, ndivyo inavyojilisha. Ikigonga kutwa nzima, tatizo ni moja kati ya haya: betri ya injini imeisha mno na inahitaji kuchajiwa kwanza kwa chaja ya ukutani usiku mzima, paneli ni ndogo au jua ni la mawingu, au rilei iko mbali na betri ya ndani na waya wake wa kupimia ni mwembamba, hivyo inasoma volti zilizopungua njiani. Hili la mwisho linatibika kwa kuisogeza rilei ikae karibu na betri inayochajiwa na sola.

## Umebadilisha betri ya ndani ukaweka lithiamu

Zamani betri zote mbili zilikuwa za risasi na rilei ilizielewa. Lithiamu ya chuma na fosfeti, ile ambayo kila mtu sasa anaiweka kwa ajili ya friji, hukaa 13.2 hadi 13.4 ikiwa imetulia, hakuna sola wala chaja. Rilei inayosubiri 12.8 ili iachie itasubiri mpaka lithiamu iwe karibu kuisha. Yaani betri zako mbili zinalala zimeunganishwa usiku kucha.

Dalili ni mbili. Kwanza, betri ya ndani inapungua usiku kuliko matumizi yako, maana inalisha pia alamu, trakingi na betri ya mbele iliyochoka. Pili, na hii ndiyo mbaya zaidi, mambo ya injini. Ukipiga stata, betri ya mbele inaanguka hadi 10 na lithiamu inamwaga umeme mbele kupitia waya wa rilei. Injini ikishawaka, lithiamu isiyojaa inavuta kutoka altaneta (jenereta ya injini inayochaji betri) kila ampea inayoweza kupata, na lithiamu haina aibu ya kuvuta. Altaneta iliyozoea betri ya risasi inapata moto usio wa kawaida, hasa mlimani au kwenye foleni, ambako injini inazunguka polepole na feni ya altaneta nayo polepole.

Kurekebisha kiwango cha rilei hakutoshi. Kwa lithiamu, toa rilei. Kutoka altaneta kwenda nyuma weka chaja ya DC kwa DC yenye ampea ambazo altaneta inamudu, na kutoka nyuma kuja mbele weka kifaa kidogo cha upande mmoja kinachoanza kupitisha pale tu lithiamu inapochajiwa, juu ya 13.5 hivi. Usifunge kifaa kinachofuata volti za betri ya risasi ukitegemea kitajirekebisha.

## Fyuzi inakatika

Ikikatika wakati wa kupiga stata, sababu ni ile niliyoeleza: njia iko wazi na betri ya ndani inajaribu kuisaidia stata kupitia waya usio wa kazi hiyo. Injini ya dizeli kama 1HZ ya Land Cruiser inavuta mamia ya ampea inapoanza kuzunguka, na sehemu ndogo tu ya hizo inatosha kuyeyusha fyuzi ya 15. Baadhi ya rilei zina waya mwembamba wa ziada wa kuungwa kwenye njia ya stata, unaoifanya iachie muda huo. Mara nyingi unakutwa umekunjwa na kufungwa tepu nyeusi, haujaungwa popote. Uunge.

Ikikatika injini ikishawaka, betri ya ndani imeisha na inapokea yote kwa mpigo. Chaji hiyo betri kwanza. Kama itajirudia kila safari, unahitaji kifaa chenye kikomo cha ampea.

Fyuzi inalinda waya, na inapangwa kwa waya. Kwa waya wa milimita 2.5 za mraba usizidi 20. Kwa kifaa cha ampea 5, fyuzi ya 10 inatosha kabisa. Na ziwe mbili, moja karibu na kila betri, kwa sababu waya huu una umeme pande zote: ukisuguliwa katikati ya chesisi mpaka ukagusa chuma, betri zote mbili zitamwaga hapo. Fyuzi moja italinda nusu tu. Anayeziba pengo la fyuzi kwa karatasi ya sigara au kipande cha waya anatengeneza moto chini ya kitanda anacholalia.

## Kifaa kinachaji, betri bado inakufa

Mbele kunasoma 13.5 mchana, kesho asubuhi 11.9. Hapa ama betri imechoka ama kuna kinachokunywa.

Betri ipime kwa stata. Mtu apige stata, wewe tazama mita. Ikianguka chini ya 9.6 huku ilikuwa imesoma 12.6 kabla, ndani hakuna kitu, hata ikisoma namba nzuri ikitulia. Betri ya risasi ikiachwa chini ya 12.4 wiki nyingi sahani zake huota ukoko wa salfeti, na kampa zilizowahi kufa na kubustiwa msimu baada ya msimu zina betri za namna hiyo. Hakuna kifaa kitakachoirudisha. Kama ni ya maji, fungua vizibo uone maji yamefunika sahani, na ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, si ya bomba na si asidi.

Kinachokunywa kinasakwa hivi. Zima kila kitu, funga milango, fungua waya hasi wa betri ya injini, weka mita katikati kwa tundu la ampea 10. Magari mapya yanahitaji nusu saa hivi kulala, usisome haraka. Usizungushe ufunguo mita ikiwa hapo, utachoma fyuzi yake. Chini ya 0.05 ni sawa. Ukisoma 0.1, fikiria: hiyo ni ampea-saa 2.4 kwa siku, na kwa siku 20 ni 48, kutoka betri ya N70 yenye kama ampea-saa 70 ikiwa mpya. Haiwaki.

Chomoa fyuzi moja moja utazame namba ishuke. Isiposhuka hata kwa moja, tafuta kilichofungwa moja kwa moja betrini bila kupita kwenye boksi la fyuzi, na kwa magari ya safari hicho mara nyingi ni trakingi. Ikiwa mahali pasipo na mtandao inaendelea kutafuta mnara na kunywa zaidi. Kama mwenye gari anaihitaji, ihamishie betri ya ndani, yenye sola. Uliza kampuni ya trakingi kwanza, maana wengine huihesabu kama kuchezea.

## Mambo mawili ya magari fulani

Coaster (basi dogo la Toyota) iliyogeuzwa kampa mara nyingi ni ya volti 24, betri mbili za 12 mfululizo. Kifaa cha 12 kwa 12 hakifai hapo. Usikubali fundi akuungie kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Hiyo moja itazidishiwa, nyingine itabaki nyuma, na zote zitaharibika. Inatakiwa chaja inayopandisha kutoka 12 hadi 24.

Gari jipya lenye kisanduku kidogo cha plastiki kilichobana kichwa hasi cha betri linapima ampea zinazoingia na kutoka. Ethi ya kifaa ukiifunga juu ya kichwa cha betri, kabla ya kisanduku, kompyuta haitaona chaji yako na itakosea hesabu. Ifunge kwenye bodi, upande wa pili wa kisanduku. Mwenye 1HZ hilo halimhusu.

## Ukifika mpaka hapa bila jibu

Sasa ndipo pa kushuku kifaa. Kitoe garini, kiweke mezani. Upande wa kuingilia weka betri iliyo kwenye chaja ya ukutani ikisoma 14, upande wa kutokea weka betri ya zamani iliyo nusu, na ethi ya pamoja kwa waya mfupi. Pima kinachotoka. Kikipitisha mezani, kirudishe garini na uvute waya mpya na ethi mpya, kwa sababu kosa lilibaki kule. Kisipopitisha, kikiwa na fyuzi nzima na volti juu ya kiwango chake, kimekufa. Unapokifunga kipya, hasi za betri zote mbili zitangulie kufunguliwa na ziwe za mwisho kurudi.